Presha na asidi za amino: kushuka kwa kipimo si sawa na kulindwa kwa uhai

Mada iliyo mezani ni shinikizo la juu la damu, maradhi ambayo wengi huyaita presha, pamoja na bidhaa zilizojaa katika maduka ya virutubisho ya nchi za Ghuba, Ulaya na Marekani. Bidhaa hizo ni asidi za amino zinazouzwa kwa umbo la unga au vidonge, zikiandamana na ahadi kwamba hufungua mishipa na kushusha presha.

Maswali yanayostahili kujibiwa ni mawili. La kwanza: je, ahadi hiyo ina ukweli wowote? La pili: kama ina ukweli, je, unatosha kumfanya mgonjwa aweke kando dawa alizoandikiwa na daktari? Majibu ya maswali hayo hayafanani, na tofauti iliyopo baina yao ndiyo inayoweza kuamua uhai wa mtu.

Suala hili linawagusa kwa namna ya pekee wasikilizaji wanaoishi mbali na Afrika Mashariki. Si jambo geni kwa kijana anayefanya kazi Muscat, Dubai, London au Houston kupigiwa simu kutoka nyumbani na kuelezwa kwamba mama mzazi ana presha, kwamba dawa za hospitali zimemchosha, na kwamba jirani amesikia habari za unga mzuri unaopatikana huko ughaibuni. Kopo hununuliwa, likatiwa ndani ya sanduku la msafiri, na baada ya siku chache likawa mezani kwa mama. Nia ni njema kabisa. Lakini aliyelituma hajui vizuri kilichomo, aliyelipokea hajui akitumie vipi, na daktari anayemtibu mama huyo hana habari hata kidogo.

Kabla ya kulifungua kopo hilo, yafaa kukumbushana maana ya vipimo vyenyewe. Shinikizo la damu huandikwa kwa namba mbili, kwa mfano 120 kwa 80, na huhesabiwa kwa milimita za zebaki. Namba ya juu huonyesha nguvu ya damu katika kuta za mishipa wakati moyo unapojikaza na kusukuma. Namba ya chini huonyesha nguvu inayobaki wakati moyo unapopumzika kati ya pigo moja na jingine. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, mtu mzima ambaye vipimo vyake katika siku mbili tofauti vimefika 140 au zaidi kwa namba ya juu, ama 90 au zaidi kwa namba ya chini, huhesabiwa kuwa na shinikizo la juu la damu. Katika ripoti yake ya mwaka 2023, shirika hilo lilikadiria kwamba watu wapatao bilioni 1.3 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na hali hiyo duniani, na karibu nusu yao hawakujua kwamba wanayo.

Hawakujua kwa sababu maradhi haya kwa kawaida hayaumi. Mtu hulala, huamka na kwenda kazini bila ya dalili yoyote, huku mishipa ya ubongo, ya moyo na ya figo ikichakaa mwaka baada ya mwaka. Tabia hiyo ya ukimya ndiyo inayofanya matibabu yake kuwa magumu. Mgonjwa anayejihisi mzima huona taabu kumeza vidonge kila siku, hasa vikimletea maudhi madogo madogo kama vile kuvimba miguu, kikohozi kikavu au kwenda haja ndogo mara kwa mara. Hapo ndipo kopo la dukani, lenye maneno "bidhaa ya asili", linapoonekana kuwa mkombozi.

Sasa, asidi za amino ni kitu gani? Kwa maelezo mepesi, hizo ni vijenzi vya protini. Mtu anapokula nyama, samaki, mayai, maharage au kunde, tumbo na utumbo huzivunjavunja protini za chakula hicho hadi zikawa asidi za amino. Kisha mwili hutumia aina 20 za asidi hizo kujengea misuli, ngozi, vimeng'enya na vitu vingine vingi. Mojawapo huitwa arginini. Mtu mzima mwenye afya huipata katika chakula, na mwili wake nao hujitengenezea kiasi fulani. Karanga ni miongoni mwa vyakula vyenye arginini nyingi: gramu 100 za karanga zina takriban gramu 3.

Sifa ya arginini kama kishusha presha haikuzushwa na wachuuzi. Chimbuko lake ni mojawapo ya ugunduzi mkubwa wa karne ya 20 katika sayansi ya tiba. Mwaka 1980, Robert Furchgott, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la New York huko Brooklyn, alitangaza matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa vipande vya mshipa mkuu wa damu wa sungura. Aligundua kwamba kemikali fulani huulegeza mshipa pale tu utando wake mwembamba wa ndani unapokuwa mzima. Utando huo ukikwaruzwa na kuondoka, mshipa haulegei. Furchgott alikata shauri kwamba utando huo lazima unatoa kitu kinachoiamrisha misuli ya mshipa ilegee, ingawa wakati ule hakuna aliyejua kitu hicho ni nini.

Jibu lilipopatikana liliwashangaza wengi. Mwaka 1987, kundi la watafiti lililoongozwa na Salvador Moncada, mwanasayansi mzaliwa wa Honduras aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Wellcome huko Beckenham, kusini mwa London, lilionyesha kwamba kitu hicho ni gesi: oksidi ya nitriki. Louis Ignarro wa Marekani naye alifikia matokeo kama hayo mwaka huo huo. Kabla ya hapo, gesi hiyo ilifahamika zaidi kama uchafu unaotoka katika moshi wa magari. Mwaka uliofuata, 1988, kundi la Moncada lilithibitisha kwamba utando wa mshipa huitengeneza gesi hiyo kutokana na arginini.

Mwaka 1998, Furchgott, Ignarro na Mmarekani mwenzao, Ferid Murad, walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Tiba. Moncada hakuwamo, jambo lililozusha manung'uniko miongoni mwa wanasayansi wengi. Tuzo hiyo ilikuwa na ajabu yake pia. Alfred Nobel, aliyeianzisha, alitajirika kwa kutengeneza baruti kali yenye nitrogliserini. Katika miaka yake ya mwisho, alipougua moyo, madaktari walimwandikia nitrogliserini hiyo hiyo iwe dawa yake. Nobel alifariki dunia mwaka 1896 bila ya kujua kwamba siri ya dawa hiyo ni kutoa oksidi ya nitriki ndani ya mishipa.

Kutokana na historia hiyo, ni rahisi kuona jinsi hoja ya kibiashara ilivyojengeka. Oksidi ya nitriki hutanua mishipa; mishipa ikitanuka, shinikizo hushuka; oksidi ya nitriki hutokana na arginini; basi anayekula arginini nyingi atapata mishipa iliyotanuka. Matangazo mengi huongeza jina la Tuzo ya Nobel juu yake. Hata Ignarro mwenyewe, baada ya kuipata tuzo hiyo, alishirikiana na kampuni moja ya virutubisho katika kuandaa bidhaa yenye arginini. Hata hivyo, tuzo ilitolewa kwa kugundua kazi ya gesi ndani ya mwili. Haikutolewa kwa unga wowote wa kumeza, na hakuna kamati ya Nobel iliyopata kusema kwamba unga huo unatibu presha.

Aidha, hoja hiyo ina pengo ambalo wanasayansi wenyewe walilibaini mapema. Kimeng'enya kinachotengeneza oksidi ya nitriki kinahitaji arginini kidogo sana ili kifanye kazi kwa ukamilifu, na damu ya mtu wa kawaida ina kiasi kinachozidi mahitaji hayo mara nyingi. Mfano wake ni fundi cherehani ambaye duka lake limejaa majora ya kitambaa hadi darini. Kumletea jora jingine hakuongezi idadi ya nguo anazoshona kwa siku. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya arginini inayomezwa huvunjwa na utumbo na ini kabla haijafika katika mishipa inayokusudiwa.

Kwa hesabu hiyo, unga huo usingepaswa kufanya lolote. Lakini ulipojaribiwa kwa watu, kipimo kilishuka. Hali hiyo ya kutatanisha imepewa jina la kitendawili cha arginini, na maelezo kadhaa yametolewa kujaribu kukitegua.

Ushahidi wa kushuka kwa kipimo si wa kupuuzwa. Mwaka 2011, jarida la American Heart Journal lilichapisha uchambuzi uliojumlisha majaribio 11, ambayo baadhi ya washiriki walipewa arginini na wengine wakapewa unga usio na kitu, bila ya wao kujua wamepewa kipi. Washiriki wote kwa jumla walikuwa 387, na kipimo kilikuwa kati ya gramu 4 na gramu 24 kwa siku. Matokeo yalikuwa kwamba namba ya juu ilishuka kwa wastani wa milimita 5.4, na namba ya chini kwa milimita 2.7. Kwa hiyo swali la kwanza lina jibu: ndiyo, arginini inaweza kushusha presha kwa kiasi fulani.

Hapa panahitajika umakini. Milimita 5 si kitu kidogo. Mwaka 2021, jarida la tiba la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 48 ya dawa za presha, yaliyowahusisha watu zaidi ya 344,000. Ulionyesha kwamba kila namba ya juu inaposhushwa kwa milimita 5, hatari ya kupatwa na kiharusi, mshtuko wa moyo na matukio mengine makubwa ya moyo na mishipa hupungua kwa takriban asilimia 10. Basi mtu anaweza kuuliza: ikiwa dawa hushusha milimita 5 na unga nao hushusha milimita 5, kuna tofauti gani?

Tofauti ipo katika kilichopimwa. Yale majaribio ya arginini yalifanywa kwa watu wachache, na mengi yalidumu kwa wiki chache tu. Yalipima namba ya mashine. Majaribio ya dawa yaliwafuatilia watu kwa miaka na kuhesabu nani amepooza, nani moyo wake umeshindwa na nani amefariki dunia. Namba ya mashine ni ishara ya njiani. Safari yenyewe ni kuulinda ubongo, moyo na figo. Majaribio mawili yaliyofanyika nchini Marekani kwa nyakati tofauti, yakiwa na idadi ya wagonjwa inayokaribiana, yanaionyesha tofauti hiyo waziwazi.

La kwanza liliongozwa na Daktari Edward Freis katika hospitali za wanajeshi wastaafu, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1967. Wakati huo bado palikuwa na madaktari walioamini kwamba kushusha presha kwa dawa hakuna faida kubwa. Freis na wenzake waliwachukua wanaume 143 ambao namba yao ya chini ilikuwa kati ya 115 na 129, kiwango cha hatari sana. Baadhi walipewa dawa tatu kwa pamoja. Wengine walipewa vidonge visivyo na dawa. Miongoni mwa waliopewa vidonge vitupu, yalitokea matukio 27 makubwa ya kudhuru mwili. Miongoni mwa waliopewa dawa, yalitokea mawili tu. Tangu hapo ubishi ulianza kwisha, na tiba ya presha ikapata msingi wake.

Yafaa kuzingatia jambo moja kuhusu jaribio hilo. Mojawapo ya zile dawa tatu, reserpini, asili yake ni mzizi wa mmea uliotumiwa na waganga wa India tangu kale. Kwa hiyo mpaka haupo kati ya kilicho cha asili na kilicho cha hospitali. Mpaka upo kati ya kilichopimwa kwa maisha ya watu na ambacho hakijapimwa hivyo.

Jaribio la pili ni la arginini yenyewe. Lilifanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, na kuchapishwa mwaka 2006 katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani. Wagonjwa 153 waliokuwa wamepatwa na mshtuko wa moyo karibuni waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilikusudiwa kupewa gramu 3 za arginini mara tatu kwa siku kwa muda wa miezi 6, pamoja na dawa zao za kawaida. Kundi la pili lilipewa kisicho na kitu. Matumaini yalikuwa kwamba mishipa ingelainika na moyo ungepata nguvu. Mishipa haikulainika, na moyo haukupata nguvu zaidi. Badala yake, watu 6 walifariki dunia katika kundi la arginini, na hakuna hata mmoja aliyefariki katika kundi la pili. Jaribio likasimamishwa kabla ya wakati wake.

Idadi hiyo ni ndogo, na haiwezi peke yake kuthibitisha kwamba arginini ndiyo iliyowaua wagonjwa hao sita. Lakini watafiti wenyewe walihitimisha kwamba mtu aliyetoka kupatwa na mshtuko wa moyo asishauriwe kutumia arginini. Mwaka uliofuata, 2007, utafiti mwingine wa Marekani uliowahusisha wagonjwa 133 wenye mishipa ya miguu iliyoziba haukuona faida ya kutumia gramu 3 za arginini kila siku kwa miezi 6. Waliopewa kisicho na kitu ndio waliopata nafuu zaidi katika kutembea. Kwa maneno mengine, kinachoonekana kuwa kizuri katika wiki chache chaweza kugeuka kinapotumiwa kwa miezi.

Arginini haiko peke yake katika rafu za maduka. Pembeni yake hukaa sitrulini, asidi ya amino iliyopewa jina linalotokana na jina la Kilatini la tikitimaji, kwa kuwa tunda hilo linayo kwa wingi. Sitrulini huupita utumbo na ini bila ya kuvunjwa sana, kisha figo huigeuza kuwa arginini. Ndiyo maana huongeza arginini katika damu vizuri zaidi kuliko arginini yenyewe inapomezwa. Hata hivyo, matokeo yake kuhusu presha yamekuwa yakitofautiana baina ya utafiti mmoja na mwingine. Ipo pia taurini, ambayo kwa hakika si kijenzi cha protini ingawa huwekwa katika jamii moja na asidi hizo. Mwaka 2016, watafiti wa China walitangaza kwamba watu 120 waliokuwa wakikaribia kuwa na presha walishiriki katika jaribio la gramu 1.6 za taurini kwa siku. Baada ya wiki 12, namba ya juu ya waliopewa taurini ilikuwa imeshuka kwa takriban milimita 7. Ni habari ya kutia moyo. Lakini hao walikuwa watu ambao bado hawajaugua, na kilichopimwa, kwa mara nyingine, ni namba ya mashine.

Msikilizaji anaweza kujiuliza: kama ushahidi ni mchache kiasi hiki, vipi serikali zinaruhusu bidhaa hizi? Jibu ni kwamba sheria nyingi huzihesabu kuwa chakula, wala si dawa. Nchini Marekani, sheria iliyopitishwa mwaka 1994 inamruhusu mtengenezaji kuuza kirutubisho bila ya kwanza kuithibitishia Mamlaka ya Chakula na Dawa, FDA, kwamba kinafanya kazi. Bidhaa yenye madai ya kusaidia mwili inatakiwa kuandikwa kwamba madai hayo hayakutathminiwa na mamlaka hiyo, na kwamba bidhaa haikukusudiwa kutibu wala kuzuia ugonjwa wowote. Maandishi hayo huwa madogo sana, na aghalabu huwa nyuma ya kopo. Barani Ulaya, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ilichunguza mwaka 2011 dai kwamba arginini husaidia kudumisha shinikizo la kawaida la damu, na ikaona kwamba dai hilo halikuthibitishwa.

Kipimo nacho ni tatizo. Vidonge vingi vya arginini vina miligramu 500 kila kimoja. Kiwango cha chini kabisa katika ule uchambuzi wa mwaka 2011 kilikuwa gramu 4, yaani vidonge 8 kwa siku. Kiwango cha juu, gramu 24, ni vidonge 48. Anayemeza viwili kila asubuhi akidhani anaitibu presha yake hapati hata robo ya kilichojaribiwa kwa wengi wa washiriki wale. Na anayeongeza mpaka kufikia kiwango kile anaweza kupatwa na kichefuchefu, kuumwa tumbo na kuharisha.

Yapo pia makundi ya watu ambao kwao hatari ni kubwa zaidi. Wa kwanza ni wale waliopatwa na mshtuko wa moyo, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa. Wa pili ni wanaotumia dawa za jamii ya nitrogliserini kwa maumivu ya kifua, au dawa za nguvu za kiume kama sildenafili, kwani zote hupita katika njia ile ile ya oksidi ya nitriki, na shinikizo laweza kushuka ghafla mno. Wa tatu ni wagonjwa wa figo au ini, ambao arginini inaweza kuwapandishia madini ya potasiamu katika damu hadi kiwango cha kuuhatarisha moyo. Wa nne ni wanaotumia tayari dawa za presha: kuchanganya bila ya kumweleza daktari humfanya asijue ni kipi kilichoshusha kipimo, akakosea anapoongeza au kupunguza dozi.

Vijana nao wana lao. Unga unaotumiwa na wanyanyuaji vyuma kabla ya mazoezi mara nyingi huchanganya arginini au sitrulini na kafeini nyingi. Kafeini hupandisha presha. Hivyo kijana mwenye presha asiyoijua anaweza kumeza kinachotangazwa kufungua mishipa, kumbe ndani ya kijiko hicho hicho mna cha kuisukuma presha juu.

Badala yake, lipo jambo la chakula lililothibitika vizuri zaidi. Mwaka 1997, utafiti wa Marekani uliojulikana kwa jina la DASH uliwalisha watu 459 vyakula vilivyopangwa. Waliokula matunda, mboga, nafaka zisizokobolewa, karanga, kunde na maziwa yasiyo na mafuta mengi walishukiwa na presha kuliko waliokula chakula cha kawaida cha Wamarekani. Kwa wale waliokuwa na presha ya juu tangu mwanzo, namba ya juu ilishuka kwa takriban milimita 11, yaani mara mbili ya ile ya arginini. Utafiti uliofuata, mwaka 2001, ulionyesha kwamba kupunguza chumvi huongeza faida hiyo. WHO inapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pia ile iliyomo katika mkate, supu za pakiti na vitafunio. Vyakula hivyo si vigeni kwa Mswahili: mchicha, kunde, choroko, ndizi, mapapai na samaki. Mwenye ugonjwa wa figo anapaswa kushauriana na daktari kwanza, kwa sababu ya potasiamu iliyomo katika matunda na mboga. Na karanga, zenye arginini ile ile, zaliwa vizuri zikiwa hazina chumvi. Hata hivyo, chakula nacho huisaidia dawa. Aliyeandikiwa vidonge asiviache kwa sababu amebadili mlo.

Jibu la swali la pili, basi, ni hapana. Asidi za amino zinaweza kushusha kipimo kwa wiki kadhaa, lakini haijathibitika kwamba zinamkinga mgonjwa na kiharusi wala na kifo, na kwa mwenye moyo uliokwisha kuumia kuna dalili kwamba zinaweza kumdhuru. Mgonjwa ambaye dawa zake zinamletea kikohozi au kumvimbisha miguu ana njia iliyo salama zaidi: arudi kwa daktari aeleze hivyo. Zipo jamii kadhaa za dawa za presha, na nyingi kati yake hupatikana kwa bei nafuu kwa majina ya kawaida yasiyo ya kibiashara. Kubadilishiwa ni haki ya mgonjwa. Kunyamaza na kuacha ndiko kunakoua.

Na kwa aliye ughaibuni anayeombwa kopo, zipo hatua za kuchukua kabla ya kwenda dukani. Apige simu nyumbani na kuuliza mambo matatu: mama anatumia dawa gani, na za nini? Je, aliwahi kuambiwa ana maradhi ya moyo, figo au ini? Na je, daktari wake ameambiwa kuhusu unga huo? Ikiwa jibu lolote halijulikani, kopo lingoje. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.

Ikiwa bado anataka kutuma kitu, zawadi ifaayo ipo. Ni mashine ya kupimia presha ya kufunga mkono wa juu, iliyohakikiwa usahihi wake, yenye mkanda unaolingana na unene wa mkono wa mzazi, pamoja na fedha za kununulia dawa za mwezi bila ya kukatiza. Mzazi akae kimya kwa dakika 5, mgongo ukiwa umeegemea, miguu ikiwa chini na mkono ukiwa usawa wa moyo. Asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyotangulia. Apime mara mbili, aandike namba zote katika daftari, na daftari hilo aende nalo kwa daktari.

Hapo ndipo yanapofikia tamati makala ya leo.